Mataa yanamhusu na mwenye baiskeli

Ukigusa habari ya baiskeli jijini Dar es Salaam, haichukui muda mtu atauliza kama wenye baiskeli nao husimama kwenye mataa. Wenye magari huuliza kwa hasira, na wenye baiskeli hujibu kwa hasira zaidi. Hawa wanasema baiskeli hupita kwenye nyekundu kana kwamba taa haiwahusu. Wale wanasema magari ndiyo yanayoua, bodaboda zinapita nyekundu mbele ya macho ya askari, na barabara nyingi hazikujengwa kwa kumfikiria mtu wa baiskeli, sasa deni la utii linatoka wapi? Msimamo wangu ni kwamba usimame. Taa ikiwa nyekundu simama, trafiki awepo asiwepo, barabara iwe imejaa au ionekane tupu. Ila kusimama kuna namna yake, na aliyesimama vibaya anaweza kuumia sawasawa na aliyepita. Wengi wanaohubiri sheria husema "simama" wakaishia hapo. Hilo linawaudhi waendesha baiskeli, na wana haki ya kuudhika.

Hoja nzito kuliko zote ya wanaopita nyekundu ni hii. Nikikaa mstarini pamoja na magari, kijani ikiwaka nabanwa. Lori linakata kushoto likinifunga, daladala inanipita ikikimbilia kituo kilicho mita 40 mbele, bodaboda zinanizunguka kulia na kushoto. Nikitangulia kidogo wakati taa bado nyekundu, fujo hiyo inatokea nikiwa nimeshavuka. Mtu asiibeze hoja hii. Sekunde chache za kwanza za kijani ndizo mbaya kwa baiskeli, kwa sababu kila chombo kinaondoka kwa kasi yake na kila mmoja anatafuta nafasi. Kuwa mbele, mahali unapoonekana, kweli ni salama kuliko kuwa ubavuni mwa gari. Ugonjwa wameujua vizuri, dawa ndiyo wameikosea, kwa sababu iko njia ya kuwa mbele bila kuvuka nyekundu. Nitaifikia.

Kwanza tupige hesabu, maana neno "barabara ilikuwa tupu" ndilo linalowadanganya watu. Chukua makutano ya upana wa mita 30. Baiskeli isiyo na mzigo, ikianza kutoka kusimama, huchukua sekunde kama 5 kufika mwendo wa kilomita 14 au 15 kwa saa, na hapo imekwenda mita 10 tu. Mita 20 zilizobaki huchukua sekunde 5 nyingine. Jumla ni sekunde 10. Mwenye kilo 80 za madafu au mkaa nyuma huondoka taratibu zaidi na mwendo wake hauzidi kilomita 10 kwa saa, kwa hiyo anahitaji kama sekunde 14. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo ukomo wa mwendo maeneo ya makazi hapa Tanzania, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde 10 limekwenda mita 140. Katika sekunde 14 limekaribia mita 200. Kwa hiyo ili barabara iwe tupu kweli kwako, uone mita 140 hadi 200 za lami bila chombo, upande wa kulia na upande wa kushoto, na pasiwe na daladala iliyoegeshwa inayokuziba macho. Makutano ya namna hiyo mjini kwetu mchana hayapo. Usiku yapo, lakini usiku ndio wakati magari yanapozidi hizo kilomita 50.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini taa ya njano ni mtego kwa baiskeli. Muda wa njano hupangwa kwa kufikiria gari. Kwa kawaida ni kama sekunde 3, halafu sekunde 1 au 2 ambazo pande zote ni nyekundu ili waliomo ndani wamalizie. Wewe ukiingia makutano hayo kwenye njano ukiwa na mwendo wa kilomita 15 kwa saa, unahitaji sekunde 7 kumaliza mita 30. Umepewa 5. Mita 9 za mwisho unazivuka wakati upande wa pili umeshawashiwa kijani, na dereva wa mbele kule ameshaachia breki. Hukuvunja sheria kwa kukusudia, lakini umefika palepale anapofika aliyepita nyekundu. Ndiyo maana nasema njano kwa mwenye baiskeli ni ya kusimama, isipokuwa ikikukuta umeshaufikia mstari.

Kwenye Barabara ya Morogoro mambo ni magumu zaidi. Tangu mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia yao katikati ya barabara, uanze mwaka 2016, anayeivuka barabara hiyo anakata mikondo minne: magari ya kawaida kutoka kulia, mabasi kutoka kulia, mabasi kutoka kushoto, halafu magari ya kawaida kutoka kushoto. Kinachoua watu hapo ni foleni. Magari yakisimama, mtu anaona kila kitu kimesimama, anapenya katikati ya magari, anatokeza kwenye njia ya mabasi. Mabasi hayana foleni. Basi refu la mita 18 linakuja kwa mwendo wake kamili, limejaa watu waliosimama, na dereva akikanyaga breki ghafla anawaangusha wote waliomo ndani. Na mbele ya basi huenda kuna bodaboda iliyoiba njia. Ukitokea ubavuni mwa lori lililosimama, dereva wa basi anakuona ukiwa umebakiza mita 2 kufika mbele yake. Hakuna ujuzi wa kuendesha unaoweza kukuokoa hapo. Kwenye barabara ya mwendokasi vuka kwenye mataa au kwenye kivuko rasmi tu.

Watu wasomi wakifika hapa hutaja Idaho, kwamba kule baiskeli inaruhusiwa kupita nyekundu. Ni kweli, jimbo la Idaho huko Marekani lilibadili sheria mwaka 1982, na Carl Bianchi, aliyekuwa msimamizi wa mahakama za jimbo, ndiye aliyesukuma jambo hilo, sehemu kubwa ili mahakama zipunguziwe kesi ndogo ndogo. Mwenye baiskeli kule akikuta alama ya SIMAMA anaweza kuichukulia kama alama ya kutoa nafasi: anapunguza mwendo, anatazama, akiona pako wazi anapita bila kukanyaga chini. Akikuta taa nyekundu anaichukulia kama alama ya SIMAMA: anasimama kabisa, anatoa nafasi kwa kila mwenye haki, ndipo anaendelea. Ilichukua miaka 35 kabla ya jimbo lingine kufuata wazo hilo. Delaware walilichukua mwaka 2017, wakalipunguza: ruhusa inahusu alama ya SIMAMA tu, kwenye barabara zisizozidi njia mbili, na taa nyekundu imebaki nyekundu. Baadaye Oregon, Washington, Colorado na Minnesota nao wakawa na namna zao. Paris walianza majaribio mwaka 2012, wakayapanua 2015, wakitumia kibao kidogo cha pembetatu kinachotundikwa chini ya taa, kinachomruhusu mwenye baiskeli kukata kulia au, kwenye makutano ya T, kunyoosha, akiwapisha waenda kwa miguu. Ujerumani waliweka mshale wa kijani wa baiskeli kwenye kanuni zao mwaka 2020, na hata huo unakudai usimame kwanza.

Zitazame ruhusa hizo moja moja uone zinafanana wapi. Hakuna hata moja inayokupa haki ya kutangulia mbele ya mtu mwingine. Nyingi zimewekwa mahali penye njia chache, au kwenye upande ambao huukati mkondo wa magari. Na zimesimama juu ya nguzo moja, kwamba wengine wote barabarani wanatii taa zao. Hapa ndipo Dar es Salaam inapotofautiana na Boise, mji mkuu wa Idaho. Ukisimama, ukatazama, ukaona kulia pako wazi, bado hujui kama bodaboda haiji kutoka kushoto ikiwa upande usio wake. Sheria ya Idaho ni nzuri pale ilipo. Mtu asiilete Ubungo akadhani ameleta usalama.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haikuitoa baiskeli kwenye mataa. Ila hata isingekuwepo, ningesema yaleyale kwa sababu ya watu wa kwenye zebra. Magari yakiwa na nyekundu, mama mwenye mtoto mgongoni ndiyo nafasi yake pekee ya kuvuka. Anatazama magari, anaona yamesimama, anaanza. Hatarajii kitu kisicho na mlio kitokee ubavuni mwa daladala. Baiskeli yenye mzigo ikimgonga mzee kwa kilomita 15 kwa saa inamvunja nyonga. Sisi tunaolalamika kwamba wenye magari hawatuoni, tukifanya hivyo tunamfanyia aliye mnyonge kuliko sisi jambo lilelile tunalolilalamikia.

Sasa namna ya kusimama.

Kazi inaanza mita 50 kabla ya mataa. Tazama taa, tazama na watu: wakianza kuingia kwenye zebra kwa wingi, kijani yako imekwisha au inakwisha. Kama kijani imewaka muda mrefu, usiikimbilie. Acha kupiga pedeli, baiskeli itiririke yenyewe ipungue mwendo. Mwenye mzigo mkubwa hii ndiyo nafuu yake: ukipunguza mapema, mara nyingi utafika taa inapowaka kijani bila kusimama kabisa, nawe unajua nguvu inayotumika kuusukuma mzigo wa kilo 80 kutoka sifuri. Kama una gia, shusha kabla hujasimama, si baada ya kusimama, kwa sababu gia za nyuma za kawaida hazibadiliki mnyororo usipozunguka.

Simama nyuma ya mstari mweupe, si juu ya zebra. Mahali pa kusimama kwa upana ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kama unanyoosha, kaa katikati ya njia ya kushoto, si kwenye ukingo. Ukikaa ukingoni unamwambia dereva aliye nyuma kwamba kuna nafasi ya kukupita na kukata kushoto kwa pamoja, naye atafanya hivyo. Ukikaa katikati ya njia atasubiri sekunde 4 au 5, atapiga honi, hatakugonga. Ukishavuka makutano rudi pembeni umpe njia.

Foleni ikiwepo, unaweza kupenya mbele taratibu, lakini kuna vyombo vitatu hupiti ubavuni mwavyo upande wa kushoto: lori, basi au tela. Madereva wetu wanakaa kulia. Upande wa kushoto wa lori, kuanzia mlango wa abiria hadi magurudumu ya nyuma, ni mahali ambapo dereva haoni vizuri, na vioo vingi vya kushoto vimevunjika au vimegeuka. Likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata kona kwa ndani, na wewe ndiye uliye ndani. Taa ya kuashiria kona usiitegemee. Bakia nyuma ya lori, umbali unaokuwezesha kukiona kioo chake. Usipokiona kioo, dereva hakuoni. Kama umeweza kufika mbele ya magari yote kabla hayajaondoka, na nafasi ipo nyuma ya mstari, simama pale dereva wa kwanza anapoweza kukuona kupitia kioo cha mbele. Kwa lori lenye kichwa kirefu umbali huo ni mita 3 hadi 4 mbele yake. Ukisimama mita moja mbele ya lori, kwake wewe haupo. Geuka, mtazame usoni, subiri naye akutazame. Hii ndiyo njia ya kuwa mbele niliyosema, bila kuvuka nyekundu ya mtu.

Ukiwa umesimama, kanyaga chini kwa mguu wa kushoto, pedeli ya kulia iwe juu, imeegemea mbele kidogo, tayari kukanyagwa. Ikiwa chini utaanza kwa kuyumba, na kuyumba katikati ya bodaboda nne ni jambo baya. Penye kilima na mzigo, shika breki zote mbili mpaka utakapoondoka, la sivyo mzigo utakuvuta nyuma. Kijani ikiwaka tazama kulia kwanza, hesabu mbili, kwa sababu wa mwisho wa upande wa pili bado yuko njiani. Halafu ondoka kwa nguvu, mnyoofu.

Kukata kulia ndiko kunakowaponza hata wazoefu. Kuhama kutoka njia ya kushoto hadi ya kulia katikati ya magari, kisha kusubiri katikati ya makutano huku magari yakipita mbele na nyuma yako, ni kazi ya gari. Fanya kwa hatua mbili. Kijani yako ikiwaka, nyoosha kama unayevuka moja kwa moja mpaka kona ya mbele upande wa kushoto. Hapo simama kando, mbele ya zebra ya upande ule lakini nje ya mkondo, geuza baiskeli ielekee kulia. Taa ya upande ule ikiwaka kijani, ondoka pamoja na magari yake. Unapoteza mzunguko mmoja wa taa, labda dakika moja na nusu, na hukukata mbele ya gari hata moja. Nashangaa jambo jepesi kiasi hiki halifundishwi shuleni pamoja na nyimbo za kuvuka barabara.

Trafiki akiwa katikati ya barabara, ishara ya mkono wake inashinda taa. Akiita upande wako, nenda hata taa ikiwa nyekundu, na akikuzuia usiende hata ikiwa kijani. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, askari akiachia upande mmoja anauachia wote kwa pamoja: wanaonyoosha, wanaokata kushoto, wanaokata kulia. Lori lililo nyuma yako linaweza kukata kushoto wakati uleule unaponyoosha, kwa hiyo ile habari ya kukaa katikati ya njia ni ya lazima zaidi hapa. La pili, askari anafunga upande anapoona mkia wa magari unakwisha, na baiskeli moja inayokuja nyuma ya mkia huo hataihesabu. Usiingie ukiwa wa mwisho na nafasi imeachwa wazi mbele yako. Subiri zamu nyingine.

Umeme ukikatika na mataa yakizimika, na trafiki hayupo, simama kwanza, kisha vuka pamoja na gari linaloelekea unakoelekea. Kwa nusu ya kwanza ya barabara hatari inatoka kulia, hivyo gari hilo liwe kulia kwako likukinge. Ukifika katikati hatari inahamia kushoto na kinga imekwisha. Tazama upya kabla ya kuendelea.

Kwa wasomaji walio Ulaya na Marekani, ambako mataa mengi hungoja chombo kifike ndipo yabadilike: chini ya lami kuna nyaya zilizozungushwa, na mikato yake utaiona kama mistari myeusi yenye umbo la mstatili. Nyaya hizo huhisi chuma na hata alumini, hazihisi uzito. Simamisha magurudumu yote mawili juu ya mmoja wa mistari mirefu ya mstatili huo, si katikati yake, na mara nyingi taa itakuhesabu.

Kuna kosa ninaloliona kubwa kuliko kupita nyekundu, nalo halizungumzwi: kuendesha kinyume, yaani kwenda upande wa kulia dhidi ya magari. Sababu yake naielewa. Barabara ikiwa na uzio au njia ya mabasi katikati, mahali pa kugeuzia ni mbali, na duka unalopeleka mikate liko mita 200 tu kwa upande huu. Lakini tazama dereva anayetokea mtaani kuingia barabara kubwa na kukata kushoto. Macho yake yote yako kulia, ndiko magari yanakotoka. Anaangalia kulia, anaona nafasi, anaachia klachi huku bado anaangalia kulia. Wewe unatokea kushoto. Yeye haoni uzembe wowote kwake, na wewe upo chini ya bampa.

Halafu kuna mwendo. Ukienda na magari, wewe kilomita 15 na gari kilomita 50, tofauti yenu ni 35. Kuanzia umbali wa mita 60, dereva ana zaidi ya sekunde 6 za kukuona na kuamua. Ukienda kinyume, mwendo unajumlishwa, unakuwa 65, na zile mita 60 zinaisha kwa sekunde 3 na kidogo. Wanaosema "nikienda kinyume naliona gari likija" wanasahau kwamba hawana pa kukimbilia.

Dawa ipo na ni halali: shuka, usukume. Mtu anayesukuma baiskeli kando ya barabara ni mwenda kwa miguu, na mita 200 za kusukuma ni dakika 3. Hivyo hivyo kwenye zebra. Ukiivuka zebra ukiwa umepanda, dereva anakusoma vibaya. Mtu wa miguu aliye mita 5 kutoka kwenye lami atachukua karibu sekunde 4 kuifikia, na dereva ameshazoea kupima hivyo. Wewe ukiwa umepanda unaifikia kwa sekunde moja na robo. Shuka. Kwenye nyekundu yenye mlolongo mrefu pia unaweza kushuka na kuvuka na watu kwenye zamu yao ya zebra. Huo ndio ujanja pekee wa taa nyekundu ninaoukubali.

Haya yote ni maneno matupu kama breki hazishiki. Kwa kilomita 20 kwa saa kwenye lami kavu, na breki nzuri, unahitaji kama mita 10 kusimama: zaidi ya nusu yake inaliwa na ile sekunde moja ya kushtuka. Mvua ikinyesha, baiskeli za zamani zenye rimu za chuma na breki za fito hupoteza sehemu kubwa ya nguvu za kushika, na mita 10 zinaweza kuwa 20 na zaidi. Ukiwa na rimu hizo, gusa breki kidogo kidogo mapema ili mpira ufute maji kabla hujaihitaji kweli. Mwambie fundi mpira wa breki uache nafasi ya milimita 2 au 3 kwenye rimu, isizidi hapo. Ukikuta mpira umelika hadi chuma kinaonekana, usiondoke nayo.

Ujue pia mkono upi unashika breki ya mbele. Baiskeli nyingi za hapa zimefuata mtindo wa Kiingereza, breki ya mbele iko mkono wa kulia, ila mitumba kutoka Ulaya bara na Marekani mara nyingi ni kinyume chake. Jambo hili lina uzito kwa sababu ukinyoosha mkono wa kulia kuashiria unahama kulia, umeachia breki yenye nguvu kuliko nyingine. Punguza mwendo kwanza, onyesha mkono kwa sekunde 2 au 3, rudisha mkono kwenye usukani, ndipo uhame.

Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Wauza mkaa na madafu wana tatizo lao: kiakisi mwanga kipo kwenye madigadi, lakini gunia limekifunika. Kifunge kwenye mzigo wenyewe, nyuma kabisa, na kingine ubavuni, kwa waya au kamba, kisiwe juu sana kiasi cha kukosa mwanga wa taa za gari.

Wanaopanga barabara nao wana lao la kufanya, na mengi ni ya rangi tu. Mstari wa kusimamia magari urudishwe nyuma mita 5, nafasi iliyobaki mbele ichorwe baiskeli. Hapo mwenye baiskeli anasimama mbele ya kioo cha dereva bila kubahatisha. Penye mataa, baiskeli zipewe kijani sekunde 4 kabla ya magari. Barabara ndogo zinazokata kushoto bila kukata mkondo wa magari ziwekewe kibao kama kile cha Paris, kwetu kikiruhusu kukata kushoto kwa sababu tunaendesha kushoto, na wenye miguu wapishwe kwanza. Na njia za baiskeli zilizopo kando ya Barabara ya Morogoro ziondolewe meza za biashara na bodaboda zilizoegeshwa, maana njia iliyozibwa kila mita 30 inamrudisha mtu barabarani ghafla, mbele ya daladala. Ukijumlisha zile mita 5 za mbele ya mstari na sekunde 4 za kutangulia, mwenye baiskeli isiyo na mzigo anakuwa mita 11 mbele gari la kwanza linapoanza kuondoka, na mwenye madafu anakuwa mita 8.